Si Kila Sahani ya Buluu Yatoka China

Upo ugonjwa unaowapata wengi wanaosimulia habari za pwani yetu. Wakiona sahani nyeupe yenye michoro ya buluu, ama imetundikwa ukutani ama imewekwa kidakani, hutamka papo hapo kwamba ni ya China ya kale, nayo ililetwa na majahazi karne nyingi zilizopita. Usemi huo hupokewa, hunakiliwa, na hatimaye hufundishwa darasani. Huo ni uvivu wa akili, nao unaila historia ya taifa kama mchwa alavyo boriti.

Chukua sahani iitwayo Willow. Ina mti ulioinamisha matawi yake juu ya maji, daraja lenye watu watatu, mashua, nyumba ya Kichina, uzio uliopindapinda, na ndege wawili angani. Twaambiwa kwamba hiyo ni hadithi ya kale ya Kichina, ya wapenzi waliokimbia ghadhabu za baba wa msichana, wakafa, wakageuka ndege. Uzushi mtupu! Mchoro huo ulibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, kwa kuiga vyombo vya Kichina vilivyopendwa sana huko. Hadithi ilitungwa baadaye na Waingereza wenyewe. Mwaka 1849 gazeti moja lao liliichapa. Mfanyabiashara aliuza sahani, kisha akaiuzia na ukale.

Kuutambua ukweli hakuhitaji maabara. Fundi wa Kichina alichora kwa brashi, na mkono wake huonekana: hapa wino mzito, pale mwepesi. Willow ya Kiingereza kwa kawaida ilipigwa chapa. Mchoro ulichongwa katika bamba la shaba, ukapakwa rangi, ukahamishwa kwa karatasi laini hadi kwenye chombo. Kwa hiyo itazame kwa karibu, nawe utaona vistari na vitone. Tena tazama ukingoni, ambako mara nyingi ncha za karatasi hazikukutana sawasawa. Ukiuona mshono huo, nyamaza kuhusu China ya kale. Kisha inyanyue mbele ya taa. Kaure iliyo nyembamba hupitisha mwanga hata kivuli cha vidole kikaonekana, lakini udongo wa kawaida wa Kiingereza huuzuia. (Hata hivyo Waingereza nao walitengeneza kaure, kwa hiyo mwanga peke yake si shahidi wa kutosha.) Mwisho igeuze. Neno England kwa kawaida huonyesha kwamba ilitengenezwa tangu mwaka 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipodai nchi ya asili iandikwe. Made in England ni ya karne ya 20 mara nyingi. Na alama ya usajili yenye umbo la almasi ilitumika kati ya 1842 na 1883. Kukosa alama si ushahidi wa uzee.

Watakuwapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa matajiri wakusanyao vyombo. La! Mkusanyaji autafuta umri ili apange bei. Sisi twautafuta ili tupate ushahidi. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Kaole, wazee wetu walipachika vyombo vya kaure katika chokaa. Chombo kilichopachikwa wakati wa ujenzi chatuambia kwamba kaburi haliwezi kuwa kongwe kuliko chombo chenyewe. Sasa mtu akiita chapa ya Kiingereza kaure ya karne ya 15, amelizeesha jengo zima kwa miaka mia tatu na zaidi, na kila hesabu inayofuata imepotoka. Naye anayekibandua chombo ili akiuze amefanya ubaya mkubwa zaidi, kwani tundu tupu, na matundu hayo ni mengi, halisemi lilibeba nini.

Wala sahani ya Kiingereza si aibu. Katika karne ya 19 vyombo vya Uingereza, na vya Maastricht huko Uholanzi, viliingia Unguja na kuenea pwani, wakati pembe za ndovu na karafuu zikitoka. Biashara hiyo nayo ni historia yetu, pamoja na watumwa waliobebeshwa pembe hizo na kulimishwa karafuu hizo. Kuivika sahani hiyo joho la Kichina ni kuwafuta watu hao.

Basi mwanafunzi aletaye darasani sahani ya bibi yake aigeuze kwanza, aandike alichokiona, na aandike pia ilitoka nyumba gani na kwa mkono wa nani. Kigae cha magofuni kibaki pale pale kilipo.