Nondo Ahesabiwe Kabla ya Dawa

Katika shule nyingi za vijijini bustani ya mboga huhesabiwa kuwa mahali pa jembe na ndoo ya maji, basi. Majani ya mchicha yakitobolewa, dawa huagizwa, wanafunzi hupewa bomba, na kila mdudu hunyunyiziwa, rafiki na adui pamoja. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, haikukusudia hivyo. Ilikusudia kijana aitumie akili shambani kama anavyoitumia darasani.

Na katika bustani akili hiyo inahitajika hata usiku. Shuka jeupe likitundikwa kwenye kamba, na taa ikawekwa mbele yake, nondo huja wenyewe. Watakuwemo wale wakubwa wenye mrija mrefu mdomoni, ambao magharibi ikiingia huzuru maua ya mipapai. Mpapai jike huhitaji chavua ya mpapai dume, na katika Afrika Mashariki nondo hao wamebainika kuwa wachavushaji muhimu wa mti huo. Shule inayopulizia sumu mipapai yake jioni inajinyima mapapai kwa mikono yake yenyewe.

Watakuwemo na maadui. Kiwavijeshi vamizi, aliyetoka Amerika, alithibitishwa barani Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 alikwisha kuingia katika mahindi ya Tanzania. Nondo wake hutaga mayai kwa mafungu juu ya jani, akayafunika kwa manyoya mithili ya ukungu. Mwanafunzi apitaye mistari kila asubuhi aweza kuyaponda kwa vidole. Kiwavi akishajificha ndani ya moyo wa mhindi, dawa yenyewe humfikia kwa shida.

Wako maofisa watakaosema kwamba huo ni mchezo wa watoto. Basi na watazame Kilosa. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji walikabidhiwa mitego ya nondo wa viwavijeshi wa asili pamoja na vipimo vya mvua. Walihesabu nondo, wakapima mvua, wakawatahadharisha wenzao kabla viwavi havijaonekana. Hawakuwa na shahada. Walikuwa na daftari na uaminifu wa kuandika kila siku.

Bustani hiyo hiyo ina askari wasiolipwa mshahara: popo, mjusi, kinyonga, na nyigu wadogo watagao mayai ndani ya viwavi. Yasikitisha kwamba kinyonga bado hupigwa mawe hata mbele ya mwalimu aliyesoma sayansi, kwa sababu ya hofu tu iliyorithiwa. Anayemwacha auawe ndiye atakayeomba fedha za dawa mwezi ujao.

Bwana shamba hawezi kulala katika kila kijiji. Mwalimu, ambaye nyumba yake i hatua chache kutoka bustanini, aweza kuwasha taa usiku huu.