Baba Mdogo, tatizo siyo mpini

Samahanini kwa kuadimika, zamu za usiku zimeniandama mwezi mzima, na huku Don Mills baridi nayo imeshabisha hodi.

Leo nizungumzie lile ombi la Baba Mdogo, maana naona limeshazunguka ukoo mzima. Kwa wasio na habari: Baba Mdogo anamiliki kihalali rivolva ya zamani, Smith & Wesson Model 36, ile ndogo ya risasi tano yenye mtutu wa inchi mbili hivi. Hutembea nayo akifunga duka jioni pale Moshi. Sasa anataka nikija Disemba nimletee mpini wa raba, eti ule wa mbao unamteleza, na "huko kwenu vitu hivyo si vimejaa madukani?"

Baba Mdogo, Kanada siyo Marekani! Huku bastola yenye mtutu usiozidi milimita 105 imo kwenye kundi la silaha zilizopigwa marufuku na sheria ya 1995. Yako haifiki hata 60. Na tangu Oktoba 21, 2022 raia wa kawaida haruhusiwi kununua wala kuuziana bastola za aina yoyote. Kutembea nayo kiunoni kwa kujilinda ndiyo kabisaaa, wenye kibali hicho ni wa kuhesabu. Sisemi huku ni peponi. Julai 22, 2018 kule Danforth, kusini ya hapa nilipo, mtu mmoja mwenye bastola aliua wawili na kujeruhi 13.

Hata hivyo sikutaka kukataa bila kuelewa. Nilimuuliza mwenzangu wa kazini, mume wake ni mtu wa kulenga shabaha miaka mingi. Alinipa darasa la saa nzima!

Mpini wa raba unapunguza mshtuko, kweli. Lakini raba inang'ang'ania shati, ukichomoa linakuja nalo, na ukitembea panatuna kila mtu anaona. Mbao nyembamba inajificha vizuri, ila kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia. Raba ikifunika mpaka mgongo wa mpini, kidole cha kufyatulia kinaweza kisifike vizuri. Ikiwa nene upande wa kushoto, maganda ya risasi yanakwama wakati wa kuyatoa. Isitoshe, Model 36 zilitengenezwa zenye kitako cha mviringo na zenye kitako cha pembe, na mpini wa hii haukai kwenye ile. Kwa hiyo hata ningetaka, siwezi kununua kwa kuangalia picha ya WhatsApp.

Kuhusu kuibeba, akasema iwe kwenye ala ngumu inayofunika kifyatulio, na mkanda imara. Siyo mfuko wa koti pamoja na funguo za duka! (Nilikuona Krismasi iliyopita, nikanyamaza kwa heshima.) Rivolva hiyo haina kitufe cha usalama. Usalama wake mkubwa ni ule uzito wa kifyatulio.

Na hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kukivuta kifyatulio hicho bila kuvuta nyundo kwanza kunahitaji nguvu ya kilo 5 na zaidi, kwa kidole kimoja. Sisi manesi mgonjwa wa kiharusi tunampa vidole viwili tunamwambia "minya". Baba Mdogo alipata kiharusi kidogo mwaka juzi (nimempigia, ameniruhusu niseme). Mkono wa kulia ulirudi, ila haukurudi wote. Krismasi mjukuu ndiye aliyemfungulia kopo la Africafe. Siku ya kuagana niliushika mkono wake nikauminya kwa makusudi, nikisubiri naye aminye. Nilipanda gari nikiwa nimeshajua.

Mbao ni ile ile ya miaka yote, Baba Mdogo. Kilichobadilika ni mkono.

Mtu ambaye kidole hakina nguvu ataishia kuvuta nyundo kwanza kwa dole gumba. Nyundo ikishavutwa, kifyatulio kinakuwa chepesi mno. Sasa piga picha: mkono unaotetemeka, giza limeingia, na wajukuu wamekimbilia dukani kumpokea babu...

Kwa hiyo mpini siuleti. Ninaleta mpira wa mazoezi ya mkono, na tutaminya wote. Rivolva naomba aende polisi waliompa kibali aulize utaratibu wa kuirudisha. Duka lifungwe kabla ya giza, na mlinzi wa usiku tuchangie, mimi naanza na mshahara wa miezi mitatu. Kubeba boksi kuna faida zake bwana!

Najua kuna kaka zangu watasema mwanamke anajua nini kuhusu bastola. Kuhusu bastola ni kweli najua kidogo. Kuhusu mikono nimeisomea digrii.

Wadau mnasemaje? Naomba kutoa hoja. Ngoja nilale, usiku naingia tena.