Taa ya injini isomwe kabla ya kufutwa

Miongoni mwa mambo yanayowakera wenye magari nchini, hakuna linalorudi kwa ukaidi kama ile taa ndogo ya manjano, yenye umbo la injini, inayowaka kwenye dashibodi. Mtu hulipeleka gari gereji Jumamosi, akalipa, taa ikazimika, naye akarejea nyumbani ameridhika. Jumanne, akiwa njiani kwenda kazini, taa imewaka tena. Nionavyo mimi, wa kulaumiwa katika mchezo huu si gari, wala si Wajapani walioliunda, bali ni mazoea yetu ya kufuta ujumbe ambao hakuna aliyejishughulisha kuusoma.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na huenda msomaji akajiuliza nimefuata nini gereji. Jibu ni kwamba jambo hili ni la lugha. Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hufundishwa kutofautisha aina mbili za ishara. Kuna ishara iliyoshikamana na jambo lenyewe kwa maumbile, kama wahenga waliponena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kuna na ishara ya makubaliano tu, kama neno "mbuzi", ambalo halina pembe wala ndevu. Taa ya injini ina sifa za zote mbili. Huwashwa na hitilafu iliyopo kweli, lakini nyuma yake mna msimbo uliobuniwa na watu, na ambao sharti mtu ajifunze kuusoma.

Msimbo huo una sarufi yake, tena iliyonyooka kuliko ngeli zetu. Chukua P0171. Herufi P yaonyesha kuwa tatizo limo katika injini au giaboksi. Sufuri inayofuata yasema kuwa msimbo huu ni wa magari yote, si wa kampuni moja. Tarakimu 1 yahusu petroli na hewa. Ingalikuwa 3, tungalielekezwa kwenye plagi na moto wake. Mbili za mwisho hutaja hitilafu yenyewe, nayo ni kwamba hewa imezidi petroli. Lugha hii haikubuniwa kwa ajili ya starehe ya dereva. Jimbo la California lilidai kompyuta za magari zijichunguze kuanzia magari ya mwaka 1988, na kufikia yale ya 1996 magari madogo mapya yote yaliyouzwa Marekani yalitakiwa kutumia mfumo mmoja. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Sababu ilikuwa moshi. Taa hiyo iliwekwa ili kulinda hewa tunayovuta.

Sasa tuone kwa nini hurudi. Kwa hitilafu nyingi, kompyuta haiwashi taa kwa kosa la mara moja. Husubiri kuliona kosa lile lile katika safari mbili zinazofuatana. Fundi anapochomeka kifaa chake chini ya usukani na kubonyeza kitufe cha kufuta, taa huzimika papo hapo. Itabaki imezimika pale gereji, na njiani kuelekea nyumbani, na pengine hata kesho yake. Kufikia hapo pesa zimekwisha kulipwa. Mwanafunzi aliyefuta alama ya D kwenye ripoti yake kabla ya kumfikishia babake hajapita mtihani, na walimu wenzangu wanajua mchezo huo huishia wapi mzazi afikapo shuleni. Lililo baya zaidi ni kuwa kufuta hupoteza ushahidi. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi hali ya gari wakati kosa lilipotokea: kasi yake, joto la injini, uzito wa kazi iliyokuwa ikifanya. Yote hayo huondoka kwa mbonyezo mmoja.

Kuna na wale wanaosoma, lakini nusu. Gari langu mwenyewe, lililotumika Japani kabla halijateremshwa Mombasa, liliwahi kuwasha taa kwa msimbo huo wa P0171. Gereji ya kwanza iliufuta mara mbili, kisha ikanishauri ninunue sensa mpya ya oksijeni. (Sensa hii si ile ya kuhesabu watu.) Nilikataa, kwa kuwa sensa hiyo ndiyo iliyokuwa imeleta habari, na mjumbe hauawi. Fundi wa pili, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, aliacha injini ikinguruma, akapuliza dawa ya kusafishia kabureta kando ya mipira ya hewa, akasikiliza. Mahali pamoja mngurumo ulibadilika. Mpira ulikuwa na ufa ambao macho hayakuweza kuuona kwa urahisi. Aliubadilisha, na ndipo akaufuta msimbo.

Tofauti ya mafundi hawa wawili yaweza kuelezwa kisarufi. Nikisema "chakula kimeliwa", nimetaja tendo bila ya kumtaja mtenda. Ndivyo msimbo usemavyo: petroli imezidiwa na hewa. Aliyesababisha aweza kuwa mpira uliopasuka, pampu iliyochoka, chujio iliyoziba au kipima-hewa kichafu. Anayenunua kipuri kwa kuusoma msimbo tu amemhukumu mtu ambaye jina lake halikutajwa mahakamani.

Msimbo unaonitia hofu zaidi ni P0420. Huu husema kuwa chombo cha kusafishia moshi, kilichomo katika bomba la moshi, hakifanyi kazi yake. Mara nyingine kimechakaa. Mara nyingine hakipo kabisa, kwa kuwa ndani yake mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo watu wanaokikata na kukiuza huku mwenye gari akiambiwa kwamba kilikuwa kikiibana injini. Sensa ya nyuma hukuta moshi ule ule uliopita kwenye sensa ya mbele, na taa huwaka. Tangu mwaka 2006 nchi hii haitumii petroli yenye risasi, ambayo ilikuwa ikiviharibu vyombo hivi. Ni ajabu basi kwamba tuliisafisha petroli, kisha tukavikata vyombo vyenyewe. Watoto wanaosubiri matatu kando ya barabara ndio wanaovuta matokeo yake.

Magari haya hutuamkia kwa Kijapani kila asubuhi, na huenda ndipo tulipozoea kutosikiliza yasemayo. Walakini wanafunzi wa vyuo vya ufundi hawana udhuru huo. Wafundishwe msimbo kama usomaji na ufahamu, si kama orodha ya vipuri. Waelezwe pia kwamba "bank 1" haina uhusiano na pesa. Ni safu ya silinda, na injini nyingi za silinda nne zina safu moja tu. Nao wateja wadai msimbo uandikwe kwenye risiti kabla haujafutwa. Taa ikiwa inamemeteka badala ya kutulia, dereva apunguze mwendo na kusimama mahali salama, maana petroli isiyochomeka yaweza kukiunguza chombo hicho cha moshi.

Anayenunua gari lililotumika ana majaribio mawili. Awashe swichi bila ya kutia moto: taa ya injini sharti iwake, kisha izimike injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeing'oa au kuifunika. Kisha aombe kompyuta isomwe, aulize kama uchunguzi wake wa ndani umekamilika. Gari lililofutwa msimbo asubuhi hiyo litajibu kuwa bado.