AJALI HII INA KINGA

Ndugu wafanyakazi,

Kila mtu wetu akiumia kazini, huja bwana mwenye kalamu akaandika neno moja tu katika karatasi: "Uzembe." Kisha hutuambia ajali haina kinga, akaenda zake kunywa chai. Sisi wa genge la miti, tunaokata miti iliyoinamia reli, twataka kulijibu neno hilo, kwa maana limetuchosha.

Mashine yetu ya kusaga matawi ina visu ndani, na mbele ya visu kuna roli zinazovuta kila kitu kinachozigusa, tawi au mkono. Juu ya mdomo wake kuna winchi ya kukokotea magogo kutoka bondeni. Zamani winchi ilikuwa na kamba ya waya. Ilikuwa nzito, na nyuzi zake zilizokatika zilitutoboa vidole hata tukivaa glavu. Tukaomba kamba ya sintetiki. Tukaletewa, tukashukuru. Kumbe tulicholetewa ni kamba ya manjano ya dukani, ya kufungia mizigo na mbuzi, nayo ikafungwa kwa fundo.

Siku moja mwenzetu alimaliza kukokota gogo, akafungua kamba. Hapakuwa na ndoana ya kuifungia, basi mwisho wake ukabaki chini juu ya majani. Matawi yaliyotiwa mdomoni yakaichukua. Visu vilipoikamata, kamba ilikwenda kwa mbio ambayo jicho halifuati, nayo ilikuwa imemzunguka mguu. Alipona kwa sababu kamba ile dhaifu ilikatika. Leo ana kovu, na barua ya onyo.

Sasa wako wasemao: "Mwaona? Kamba rahisi ndiyo iliyomwokoa." Hilo ni neno la hatari, tena lina wenye kulipenda, maana linaokoa fedha. Kamba dhaifu ikikatika gogo likiwa mlimani, gogo hurudi chini kwa wale walio chini. Mtu hawezi kuomba kamba ikatike leo na isikatike kesho. Twataka kamba yenye nguvu, na twataka isifike kwenye visu kamwe. Yote mawili, wala si moja.

Basi mabwana wasiseme hatukuwaambia. Haya ndiyo tunayoyataka.

Kwanza, kamba yenyewe. Kamba za sintetiki si moja. Nailoni hunyumbuka sana, na ikikatika hurudi kama fimbo. Kamba ya manjano ni dhaifu, na jua huila upesi. Inayofaa winchi ni ile ya nyuzi za polietilini ngumu, kama Dyneema. Kwa uzito ule ule yashinda chuma nguvu mara nyingi, hainyumbuki sana, hata majini yaelea. Ikiwa winchi yavuta kilo 1,000, twataka kamba isiyokatika mpaka kilo 5,000. Ni ghali, twajua. Mguu nao ni ghali.

Pili, namna ya kuifunga. Fundo huipunguzia kamba karibu nusu ya nguvu zake, na kamba hii huteleza hata fundo likafunguka. Kitanzi kifanywe kwa kuingiza mwisho wa kamba ndani ya tumbo la kamba yenyewe, urefu wa mara 72 ya unene wake. Kamba ya milimita 12 yataka karibu sentimita 86. Ndani ya kitanzi pawe na chuma cha kuilinda isisagike. Na kwenye ngoma ya winchi ibaki mizunguko isiyopungua 8, kwa maana yateleza.

Tatu, njia ya kamba. Waya uliikwaruza ile roli ya kuongozea kamba, ikawa na meno kama msumeno. Kutia kamba mpya katika roli ile ni kuitia katika kisu. Roli ibadilishwe au isuguliwe mpaka iwe laini. Tena kamba hii huyeyuka kwenye digrii karibu 150, na huanza kulegea mapema kabla ya hapo. Basi isikae karibu na bomba la moshi la injini.

Nne, na hili ndilo kubwa: ndoana ya kuifungia kamba, na amri moja. Roli zisizunguke mpaka kamba imekunjwa yote na kufungwa mahali pake. Kukokota na kusaga visifanywe kwa wakati mmoja, hata nyapara akipiga kelele kwamba gari la moshi linakuja. Wala mtu asijizungushie kamba mkononi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwenye kazi haruhusiwi kumrudisha pale hatari ingalipo. Watasema hiyo ni kazi ya wakubwa kuamua. La! Sheria imemtaja mfanyakazi. Basi ndugu, ukikuta kamba ina fundo, au imechanika, au haina ndoana, simama. Mwarifu msimamizi mbele ya mwenzako, andika siku na saa, na nakala iletwe kwa mwakilishi wa chama. Mmoja akisimama peke yake ataitwa mkaidi. Genge zima likisimama, stoo itafunguliwa.

Na ile barua ya onyo ya mwenzetu twataka irudishwe. Aliyepewa kamba ya mbuzi bila ndoana siye mzembe. Mzembe ni yule aliyeinunua.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu,
Genge la Miti