Acheni kutuuzia kalibu za babu kwa bei ya dhahabu

Kuna uongo umezagaa miongoni mwetu sisi watu wazima tunaocheza na vindege vya plastiki vya kuunganisha (ndiyo, tunacheza, na hatuoni haya). Uongo wenyewe ni huu: eti seti ikishaacha kutengenezwa kiwandani, basi ni bora kuliko za sasa. Muuzaji anaandika "adimu", anaongeza "haitolewi tena", halafu anapachika bei ya kutisha. Na watu wananunua! Mtu kutumia hela yake ni haki yake. Ugomvi wangu ni na hilo neno "bora".

Hebu tuelewane kwanza hivi vitu vinavyotengenezwa. Kindege cha plastiki huzaliwa ndani ya kalibu ya chuma. Plastiki iliyoyeyushwa inasukumwa mle kwa nguvu, inapoa, inatolewa. Kalibu ni ghali sana kuchonga, ndiyo maana kampuni haiitupi, inaikamua miaka 20, 30, hata 50. Kampuni ikifilisika, kalibu inauzwa kwa mwingine kama shamba la urithi. Lakini chuma nacho kinachoka. Kingo zikilika, plastiki inavuja pembeni na kuacha vijiutando, bawa halikai kwenye kiwiliwili, na wewe unashinda na puti na msasa siku tatu kabla hujafungua kopo la rangi.

Chukua Frog ya Uingereza. Hawa ni mababu wa mchezo huu. Mwaka 1936 walitoa seti za Penguin, ndege za kwanza za plastiki za kuunganisha, kwa kipimo cha 1/72. Heshima yao tunawapa. Ila plastiki waliyotumia enzi hizo ina tabia ya kujikunja kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo anayekuuzia Penguin leo huenda anakuuzia bawa lililopinda kama ndizi. Mwaka 1971 kampuni mama, Lines Brothers, ilianguka, na kabla miaka ya 1970 haijaisha Frog nayo ikawa marehemu. Kalibu nyingi zikaenda Urusi ya Kisovieti, zikauzwa kwa jina la Novo. Kituko ni kwamba ndege za Ujerumani na Japani za Vita Kuu ya Pili hazikwenda huko. Wasovieti hawakuzitaka, zikaishia kwa Revell. Baada ya 1991 kalibu zilezile zikaendelea kuzaa chini ya majina mengine ya Kirusi, Eastern Express likiwa mojawapo. Yaani ndege moja, majina manne, masanduku manne, na kila sanduku lina muuzaji anayeapa kwamba lake ndilo adimu.

Ukifungua ndani sasa! Chumba cha rubani kitupu, kiti kama kigoda, na bati zima limejaa ribiti zilizovimba. Fanyeni hesabu: ribiti yenye upana wa nusu milimita kwenye kipimo cha 1/72 ni sentimita 3.6 kwenye ndege halisi. Ribiti kubwa kuliko sarafu! Matchbox, walioingia sokoni mwaka 1973, walikwenda upande wa pili. Wao walichimba maungio ya mabati kwa kina hadi wapenzi wa mambo haya wakampachika mchongaji wao jina la utani la mchimba mahandaki. Ndege inaonekana kama shamba lililolimwa kwa trekta.

Hata hivyo ribiti siyo dhambi. Mafundi wa miaka ya 1960 walifanya walichoweza, bila kompyuta. Dhambi ni ya wanaochukua kalibu hiyo leo, wanaitia ndani ya sanduku jipya linalong'aa, wanachora picha ya kusisimua juu, na hawasemi popote kwamba kilichomo kina umri wa babu yako. Halafu mzazi anamnunulia mtoto wa miaka 12. Mtoto anakata, anapaka gundi, sehemu hazikutani. Hajui kwamba kalibu imechoka, anaamini mikono yake ndiyo mibovu. Hicho ndicho kinachoniudhi kuliko bei. Tunampoteza fundi mchanga kwa sababu ya sanduku lisilosema kweli.

Mtanijia na Wingnut Wings, najua. Ile kampuni ya Peter Jackson kule New Zealand ilianza kutoa ndege za Vita Kuu ya Kwanza mwaka 2009 kwa kipimo cha 1/32, ikafungwa 2020, na bei zikapaa. Sawa, zile zilikuwa bora. Lakini zilikuwa bora siku ya kwanza zilipokuwa rafuni! Kufungwa kwa kiwanda hakukuongeza hata tone la ubora. Wala sisemi za zamani zote zichomwe moto. Frog walitoa Vultee Vengeance na Martin Maryland wakati wengine walikuwa wanarudia Spitfire hadi tukachoka, na boti-ndege Stranraer ya Matchbox naithamini pamoja na mahandaki yake. Nunua kwa sababu hiyo, na lipa bei inayolingana nayo.

Kwetu huku mtego huu una sura yake. Shirika la East African Airways, lililokufa 1977, lilikuwa na Super VC10 tano. Moja iliteketea Addis Ababa mwaka 1972. Nne zilizobaki ziliishia jeshi la anga la Uingereza kama ndege za kujazia wenzake mafuta angani, na VC10 ya mwisho kabisa kuruka, Septemba 2013, ilikuwa mojawapo ya hizo zetu. Nani asiyetaka hiyo mezani kwake? Basi muuzaji anajua. Anakutolea Super VC10 ya Airfix ya 1/144, kalibu ya miaka ya 1960, anakwambia ni hazina ya historia yako. Haongezi kwamba Roden ya Ukraine imeshachonga VC10 mpya kwa kipimo hichohicho.

Ninachodai ni kidogo mno: mwaka wa kalibu uchapwe ubavuni mwa sanduku. Airfix hao hao, tangu waokolewe na Hornby mwaka 2006, wamezitenga kalibu zao nyingi kuukuu chini ya jina la Vintage Classics, na bado zinanunuliwa, maana anayezitaka anajua anachotaka. Waliobaki wanaogopa nini? Tarakimu nne tu, wino wa senti tano.