Sydney, Perth au Adelaide? Mchagua mji Australia na aanze na viza

Keti kwenye baraza lolote la Mji wa Kale baada ya Isha, na kikombe cha kahawa chungu mkononi, hutakawia kusikia jina la Australia. Zamani hadithi za safari zilikuwa ni Dubai, Muscat na Jeddah. Baadaye zikaja za Uingereza na Canada. Siku hizi kijana akimaliza uuguzi, uhasibu au ufundi wa umeme, swali ni moja: "Huko Australia, mji gani mzuri?"

Mmoja atasema Sydney, kwa kuwa ameona picha za daraja na lile jumba la opera lenye paa kama matanga. Mwingine atasema Melbourne, kwa kuwa binamu yake yuko huko. Wa tatu atakata shauri kwa neno moja: "Perth. Huko ni kama Mombasa, bahari ni ile ile."

Kila mmoja ana lake la kweli. Tatizo ni kwamba swali limeanzia mkiani. Na gharama ya kukosea si ya kijana peke yake. Nyuma ya tiketi hiyo mara nyingi kuna kiwanja cha urithi kilichouzwa Mtwapa, dhahabu ya mama iliyowekwa rehani, na michango ya ami na khalati. Kijana akifika mji usiomfaa, hana nauli ya kuhama wala uso wa kurudi. Kwa hivyo tulipime jambo hili kwa utaratibu wake.

Viza ndiyo inayokuchagulia mji

Wengi hawajui kwamba sheria za uhamiaji za Australia zimeigawa nchi sehemu mbili. Tangu Novemba 2019, Sydney, Melbourne na Brisbane zinahesabiwa kuwa miji mikubwa iliyojaa. Kwingineko kote huitwa maeneo ya mikoani, na humo mna miji ambayo kwetu ingeitwa mikubwa sana: Perth yenye watu zaidi ya milioni 2, Adelaide, Canberra, Hobart, Darwin, Gold Coast, Newcastle, Wollongong na Geelong.

Mgawanyo huu una uzito kwa sababu viza za watu wenye ujuzi ni za alama. Ili kuomba ni lazima ufikishe alama 65, na kwa kawaida wanaoitwa huwa na zaidi. Umri, elimu, Kiingereza na miaka ya kazi vyote hupewa alama, na mwenye miaka 45 au zaidi hana nafasi.

Viza nambari 189 haimfungi mtu popote, lakini ushindani wake ni mkali. Nambari 190 inahitaji jimbo likupendekeze, nawe unapata alama 5 za nyongeza. Nambari 491 ni ya maeneo ya mikoani na inaongeza alama 15. Hizo 15 mara nyingi ndizo zinazomtoa mtu kwenye foleni.

Ila 491 ina sharti. Ni ya miaka 5, na muda wote huo mwenye viza anatakiwa aishi, afanye kazi na asome ndani ya maeneo ya mikoani. Baada ya miaka 3, akiwa na hati za ushuru za miaka hiyo, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kwa hivyo aliyeipata 491 kisha akaenda kuishi Sydney kwa binamu anahatarisha safari nzima. Lakini anaweza kuishi Perth au Adelaide bila kuvunja sheria yoyote.

Zaidi ya hayo, kila jimbo lina orodha yake ya kazi inazozitaka, na orodha hubadilika mwaka hadi mwaka. Fundi anayetakiwa Australia Magharibi huenda asitakiwe Victoria. Kabla ya kuuliza mji gani mzuri, uliza jimbo gani linaitaka kazi yako.

Kwa wanaokwenda kusoma

Vijana wengi wa Pwani huingia kwa mlango wa masomo, na mlango huo umekuwa mzito. Ada ya kuomba viza ya mwanafunzi ilikuwa dola 710 za Australia, ikapandishwa hadi 1,600 Julai 2024, na Julai 2025 ikafika dola 2,000. Hizo ni zaidi ya shilingi 160,000, na hazirudi ukikataliwa. Pia ni lazima uonyeshe una dola 29,710 za kujikimu mwaka mmoja, karibu shilingi milioni 2.5, mbali na karo na nauli.

Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Julai 2025 kilikuwa dola 24.95 kwa saa. Piga hesabu: saa 24 kwa wiki ni kama dola 600, kabla ya ushuru. Huko kodi ya nyumba hulipwa kwa wiki, na nyumba ya kawaida Sydney hupita dola 700 kwa wiki. Yaani mshahara wote wa mwanafunzi haufikii kodi ya nyumba moja. Ndiyo maana wanafunzi huchangia nyumba, kila mtu na chumba chake au hata wawili kwa chumba.

Wakala wa hapa nyumbani hawaelezi hesabu hiyo. Pia ni nadra kusema kwamba anayehitimu shahada katika chuo cha Perth, Adelaide au mji mwingine wa mikoani, kisha akaendelea kuishi huko, anaweza kuongezewa muda wa kubaki na kufanya kazi, na kwamba kusoma mikoani kunampa alama 5 zaidi. Na kwa wengi viza hiyo ya baada ya masomo sasa ina kikomo cha miaka 35, tangu Julai 2024. Mwenye miaka 34 anayetaka kuanza kozi ya miaka 2 alijue hilo kabla kiwanja hakijauzwa.

Kazi yako ina leseni ya nani?

Hapa ndipo miji inapotengana kweli. Muuguzi husajiliwa na mamlaka ya taifa, AHPRA, na usajili huo unafanya kazi nchi nzima. Akishaupata, anaweza kutoka Hobart hadi Darwin. Aliyesomea Kenya hupitia mtihani wa NCLEX, kisha mtihani wa vitendo. Lakini tangu Aprili 2025 kuna njia fupi kwa wauguzi waliofanya kazi angalau saa 1,800 katika nchi chache zilizotajwa, Uingereza ikiwa mojawapo. Wauguzi wetu walioko hospitali za Uingereza wanapaswa kuitazama njia hiyo.

Mwalimu na fundi wa umeme hali yao ni nyingine. Mwalimu husajiliwa na jimbo, na fundi wa umeme hupewa leseni na jimbo. Kwao kuchagua mji ni kuchagua ofisi itakayopima vyeti vyao, na kuhama jimbo ni makaratasi mapya.

Ukitazama miji yenyewe, Perth inaendeshwa na madini. Chuma cha Pilbara kinachimbwa mbali kaskazini, na wafanyakazi hupandishwa ndege kwenda kazini wiki kadhaa, kisha hurudi mjini kupumzika. Mshahara ni mzuri, lakini mwenye watoto wadogo afikirie nani atabaki nao. Brisbane inajitayarisha kwa Olimpiki za 2032, kwa hivyo ujenzi uko juu. Canberra ni mji wa serikali, na kazi nyingi za serikali zinataka uraia. Kazi za kutunza wazee na walemavu, ambazo wageni wengi huanzia hapo, ziko kila mji.

Kodi, usafiri na masafa

Ile sifa kwamba Perth na Adelaide ni rahisi imepitwa na wakati. Tangu 2020 kodi katika miji hiyo miwili imepanda kwa kasi na nyumba za kupanga zimekuwa adimu. Perth sasa huenda ikakugharimu zaidi ya Melbourne. Sydney ingali ghali kuliko zote. Mwenye nyumba atataka amana, kwa kawaida ya wiki 4, na atauliza umewahi kupanga wapi. Mgeni hana jibu. Ndiyo maana mwenyeji wa kukupokea miezi ya mwanzo ni mali.

Usafiri nao ni hesabu. Sydney na Melbourne mtu anaweza kuishi bila gari. Brisbane nauli ya basi, treni na feri ni senti 50 tu, mpango ulioanza Agosti 2024 kwa majaribio na baadaye ukafanywa wa kudumu. Perth imetandaa kandokando ya bahari, na anayefanya kazi zamu ya usiku bila gari atataabika.

Na tusisahau ukubwa wa nchi yenyewe. Kutoka Perth hadi Sydney ni kama kilomita 3,300, pungufu kidogo ya Mombasa hadi Dubai. Ukiambiwa "nina ndugu Australia", uliza yuko upande gani. Ndugu wa Sydney hawezi kuja kukushika mkono Perth ukiugua.

Hewa, ibada na watu

Kaskazi ikivuma kwetu, wao wako kwenye joto lao. Kusi ikivuma, wao wako kwenye baridi. Darwin ndiyo inayofanana na Pwani kwa joto na mvua, ingawa ni mji mdogo. Brisbane ina joto la wastani. Perth ina kiangazi kikavu na mvua za wakati wa baridi. Melbourne hubadilika mara kadhaa kwa siku. Canberra usiku wa Julai maji huganda.

Kwa familia za Kiislamu, sensa ya 2021 ilihesabu Waislamu zaidi ya 800,000 nchini humo, na wengi wako Sydney na Melbourne. Lakemba na Auburn za Sydney zina misikiti mikubwa na maduka ya halali kila kona. Lakini miji mingine si jangwa. Adelaide ina msikiti uliojengwa miaka ya 1880 na wachunga ngamia waliotoka Afghanistan na Bara Hindi. Perth ina wake wa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ndugu zetu Wakristo nao hawatakosa kanisa mji wowote.

Kiswahili pia kimetutangulia. Wakimbizi wa Kongo na Burundi wamepelekwa Adelaide, Logan karibu na Brisbane, Melbourne na kwingineko, na kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya nyumbani au ya sokoni. Anayejua kukaa na watu atapata wa kumwonyesha njia.

Na kuna jambo dogo ambalo kina mama hulijua thamani yake: saa. Perth imetutangulia kwa saa 5 tu mwaka mzima. Ikiwa saa tatu usiku huko, hapa ni saa kumi jioni, na mtoto anaweza kumpigia mamake akiwa macho. Sydney na Melbourne tofauti ni saa 7, na kiangazi hufika 8. Tena safari ya Perth ni fupi, kupitia Dubai, Doha au Johannesburg.

Kwa hivyo, mji gani?

Ukiniuliza mimi, kwa kijana au familia changa ya Pwani yenye ujuzi na isiyo na ndugu huko, ningeanza kutazama Perth na Adelaide. Si kwa sababu ni rahisi. Ni kwa sababu sheria inakupa alama huko, una nafasi ya ukaazi, na ni miji kamili yenye hospitali, vyuo na misikiti. Mwenye ndugu wa kweli wa kumpa chumba miezi 6 Melbourne au Brisbane, na viza isiyomfunga, aende kwa nduguye. Sydney ningeiacha kwa aliyekwisha pata kazi kabla hajaondoka. Darwin ni ya muuguzi au mwalimu asiyeogopa upweke.

Na wakala? Australia ina daftari la wakala wa uhamiaji waliosajiliwa, na mtu yeyote anaweza kulitazama bure kwenye mtandao. Wakala aliye nje ya nchi hiyo halazimiki kusajiliwa, na hapo ndipo wanapojificha wajanja. Anayekuahidi viza kwa uhakika anakudanganya, maana hakuna wakala anayetoa viza. Mwulize maswali matatu: viza nambari ngapi, jimbo gani linaitaka kazi yangu, na nikikataliwa pesa gani inarudi. Akibabaika, inuka uende zako.

Wazee walisema mchagua nazi hupata koroma. Lakini hawakusema mtu asiichague nazi. Aitikise kwanza sikioni, asikie kama ina maji. Kiwanja kikishauzwa Mtwapa hakirudi, na bora mwezi mzima wa kuuliza baraza na kusoma sheria kuliko miaka 5 katika mji uliochaguliwa kwa picha.