Upinde wa mtambo: Ni upinde kamili au nusu bunduki?

MVUTANO wa miaka mingi miongoni mwa wawindaji wa Marekani kuhusu upinde wa mtambo unaweza kuonekana kwa mbali kama ugomvi wa watu wanaotafuta burudani. Ukiutazama kwa karibu, ndani yake mna mashamba ya mahindi na soya yanayoliwa na wanyama, biashara kubwa ya zana za uwindaji na mapato ya serikali za majimbo.

Upinde wa mtambo ni upinde mfupi uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Mwindaji huvuta uzi mara moja, ukanaswa, kisha anaweza kungoja muda mrefu bila kuchoka kabla ya kubonyeza kifyatulio. Swali ni je, silaha hiyo ihesabiwe sawa na pinde nyingine za kuwindia, au iwekwe kundi lake?

Jibu lina uzito kwa sababu ya kalenda. Katika majimbo mengi msimu wa pinde huanza Septemba au Oktoba na kudumu kwa miezi, wakati msimu wa bunduki mara nyingi ni wa siku au wiki chache tu. Sababu ni kwamba mwenye upinde hulazimika kumsogelea mnyama, na wengi hurudi nyumbani mikono mitupu. Msimu mrefu ni fidia ya silaha dhaifu. Kwa hiyo kuuita upinde wa mtambo "upinde" ni sawa na kumpa mwenye nao miezi ya ziada porini.

Mwamba ngoma huvutia kwake

Wanaopinga wanasema upinde halisi unadai nguvu za mkono na mazoezi ya miezi. Mpigaji huuvuta mnyama akiwa mbele yake, na mkono ukitikisika kidogo tu, mnyama ameshakimbia. Mwenye upinde wa mtambo huegemeza kitako begani, hutazama kwenye darubini na kufyatua. Klabu ya Pope and Young, inayotunza kumbukumbu za wanyama wakubwa waliowindwa kwa upinde, haiwapokei waliouawa kwa upinde wa mtambo.

Wanaounga mkono wana jibu lao. Wanakumbusha kwamba wengi wa wanaolalamika wanatumia upinde wa kapi, ambao hataza yake ilitolewa mwaka 1969 kwa Holless Wilbur Allen wa Missouri. Kapi zake huondoa sehemu kubwa ya uzito pale uzi unapofika mwisho wa mvuto, hivyo mpigaji hushikilia sehemu ndogo tu ya uzito aliouvuta. Kama kapi hazikuuondolea upinde huo jina lake, wanauliza, kwa nini kifyatulio kiondoe?

Kila upande una nusu ya ukweli. Kabla ya mshale kuondoka, upinde wa mtambo uko karibu na bunduki, kwa kuwa haudai nguvu wala ustadi mkubwa. Baada ya mshale kuondoka, ni upinde tu. Mshale wake huua kwa kukata na kutoa damu, si kwa kishindo cha risasi. Wawindaji wengi hushauriwa kutopita mita 40 hadi 50, na kuuvuta tena huchukua muda, hivyo nafasi ya pili ni adimu.

Hesabu ya mizoga

Kwa kuwa hoja za umbo la silaha hazimalizi ubishi, kilichobaki ni kuhesabu mizoga. Ohio imeruhusu upinde wa mtambo tangu miaka ya 1970, na kwa miaka mingi sasa silaha hiyo imeua kulungu wengi kuliko pinde za kuvutwa kwa mkono. Michigan na Pennsylvania zilifungua milango zaidi mwaka 2009. Wisconsin, iliyoanzisha msimu wa kulungu kwa upinde mwaka 1934, iliwaruhusu wawindaji wote kutumia upinde wa mtambo mwaka 2014, na ndani ya miaka michache silaha hiyo iliupita upinde wa kawaida. Oregon, kwa upande wake, kwa miaka mingi iliupiga marufuku kabisa.

Kwa mkulima, ongezeko hilo si habari mbaya. Kulungu wa mkia mweupe, waliokaribia kwisha mwanzoni mwa karne ya 20, sasa wanakadiriwa kufikia milioni 30 nchini humo. Wanakula mazao na miche ya matunda, na kampuni ya bima ya State Farm inakadiria kuwa madai ya magari kugonga wanyama hupita milioni 1 kila mwaka. Wakati huohuo wawindaji walipungua kutoka milioni 13.7 mwaka 2011 hadi milioni 11.5 mwaka 2016. Mzee ambaye mabega yake hayawezi tena upinde wa mkono hubaki porini akipewa wa mtambo.

Mfanyabiashara naye anafuatilia. Bei ya upinde mmoja ni kati ya dola mia kadhaa na zaidi ya dola 2,000, na mnunuzi hurudi dukani kutafuta mishale na nyuzi. Kampuni kama TenPoint ya Ohio na Ravin ya Wisconsin zimekua na soko hilo. Serikali nayo hupata ada za leseni, pamoja na kodi ya asilimia 11 iliyo chini ya sheria ya mwaka 1937 kwa bunduki na kupanuliwa miaka ya 1970 hadi kwenye pinde, ambayo fedha zake hurudi majimboni kuhifadhi wanyamapori.

Leseni yake yenyewe

Hata hivyo, kulungu hawajai kila mahali. Penye wanyama wachache, silaha rahisi katika msimu mrefu inaweza kuwamaliza madume haraka, na ndiyo maana Wisconsin kwenyewe kumezuka mapendekezo ya kuufupisha msimu huo. Funzo la jimbo hilo ni kwamba lilitoa leseni tofauti, hivyo linajua ni wanyama wangapi wameuawa na silaha ipi. Asiyehesabu hawezi kupunguza wala kuongeza.

Afrika Mashariki swali hili lina sura nyingine, kwani Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania uwindaji unahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa majimbo ya Marekani, njia yenye mantiki ni kuukubali upinde wa mtambo kuwa upinde, kuupa leseni yake, na kuacha idadi ya kulungu wa kila eneo ipange urefu wa msimu. Jina la silaha halimwokoi mkulima wala mnyama, bali hesabu.